Kioo cha kubadilika kwa joto, cha umeme, cha fedha au filamu ya kubandika: dirisha lako linahitaji kipi?

Saa kumi alasiri sebule yangu ya Dar es Salaam hupigwa na jua uso kwa uso. Dirisha lina mita mbili za mraba, kioo cheupe cha milimita 6, na ukuta unatazama magharibi. Tukadirie jua la saa hiyo kuwa wati 600 kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Dirisha zima linapokea wati 1,200, na kioo cha namna hiyo huingiza takriban asilimia 80 ya joto hilo, yaani kama wati 960. Ni sawa na kuwasha pasi ya umeme katikati ya chumba na kuiacha hadi magharibi, huku kiyoyozi kikihangaika kuliondoa joto lake na uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zikiteketea.

Dada yangu mkubwa anaishi Minneapolis, Marekani. Dirisha la sebule yake ni kubwa kama langu, lakini Januari huko nyuzi joto 10 chini ya sifuri si habari ya kushangaza mtu, na jua likijitokeza anafungua mapazia yote. Ikifika Julai anayafunga. "Mdogo wangu," aliniambia kwenye simu, "kuna vioo vinavyojibadilisha vyenyewe kwa joto. Tuvinunue sote, mimi huku na wewe huko." Tulizungumza wiki kadhaa kabla ya kugundua kwamba tulikuwa tunatafuta vitu viwili tofauti. Haya ni matokeo ya kutafuta huko, kwa yeyote aliyekwama pale tulipokwama sisi.

Kwanza, vipimo

Karibu nusu ya nishati ya jua inayotufikia ni mwanga tunaouona. Nusu nyingine, kwa sehemu kubwa, ni infraredi: jicho haliioni, ngozi inaihisi. Urujuanimno ni kidogo tu, ingawa ndio unaochangia zaidi kupausha makochi na mapazia. Kwa hiyo hata kioo ambacho kingezuia infraredi yote na kuacha mwanga wote upite kingekuwa bado kinaingiza karibu nusu ya joto. Kumbuka hesabu hii utakapoambiwa na muuzaji kwamba bidhaa yake "inazuia asilimia 90 ya infraredi". Asilimia 90 ya nusu ni 45, na hata hizo 45 hazibaki zote nje ikiwa kioo kinazifyonza badala ya kuziakisi, kwa sababu kioo kilichopata moto hupumulia sehemu ya joto lake ndani.

Nimevilinganisha vioo kwa mambo matano. *Joto*: sehemu gani ya joto la jua inaingia, kwa kipimo cha 0 hadi 1. Lebo za Marekani hukiandika SHGC, za Ulaya hukiandika g, na kioo changu cheupe kiko karibu 0.8. *Mwanga*: unabaki kiasi gani, na una rangi gani. *Mwamuzi*: nani anaamua jua liingie au lizuiwe. *Uimara*: kioo kinavumilia vipi unyevu, chumvi ya bahari na kukatika kwa umeme. *Gharama na fundi*: bei ikilinganishwa na wenzake, na kama fundi aluminiamu wa mtaani anaweza kukifunga.

Kioo kinachobadilika kwa joto

Hiki ndicho kilichotuvutia, na ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi, kwa hiyo nitakaa nacho kidogo.

Mwaka 1959 F. J. Morin wa maabara za Bell Labs, Marekani, alionyesha kwamba dioksidi ya vanadi, yaani metali ya vanadi iliyoungana na oksijeni, ina tabia ya ajabu. Chini ya nyuzi joto 68 haipitishi umeme vizuri na inaiachia infraredi ipite. Ikivuka hapo, atomi zake hujipanga upya, inaanza kufanya kazi kama metali, na infraredi inaanza kuzuiwa. Ikipoa inarudi ilivyokuwa. Haihitaji waya, betri wala swichi. Ukipaka utando wake wenye unene wa makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) juu ya kioo, umepata dirisha linalosikia joto lenyewe.

Kikwazo cha kwanza ni hizo nyuzi 68, maana ni nadra kioo cha nyumbani kufika huko. Dawa iliyojulikana zamani ni kuchanganya metali nyingine, tangsteni, kidogo: kila asilimia 1 ya atomi zake hushusha kizingiti kwa nyuzi 20 hadi 25, hivyo asilimia 2 hivi zinakufikisha kwenye joto la chumba. Lakini tangsteni inavyozidi, ndivyo tofauti kati ya hali mbili za kioo inavyopungua. Watafiti kama Claes-Göran Granqvist wa Uppsala, Uswidi, na Ivan Parkin wa University College London wamepambana na mvutano huu kwa miaka mingi.

Kuna aina ya pili, isiyotumia vanadi. Tabaka la plastiki linabanwa katikati ya vioo viwili, na ndani yake mna kemikali zinazogeuka rangi taratibu kadiri jua linavyolipasha joto. Suntuitive, inayotengenezwa na Pleotint ya Michigan, ni ya aina hii na tayari iko sokoni. Tofauti yake na vanadi utaiona kwa macho: hii inakuwa nyeusi jua likipiga, wakati utando wa vanadi hubadilika zaidi kwenye infraredi, na ukiutazama hujui kama umegeuka au la.

*Joto.* Utando mmoja wa vanadi hupunguza jua linalopita kwa pointi 10 hivi za asilimia unapotoka hali ya baridi kwenda ya moto. Ukiuvunja kuwa chembe ndogondogo ndani ya plastiki angavu, tofauti inaweza kukaribia 20. Aina ya tabaka la plastiki huzuia zaidi kwa sababu inakata mwanga pia. Mwaka 2021 timu ya Yi Long wa Nanyang Technological University, Singapore, ilichapisha katika jarida la Science muundo wa utando wa vanadi unaozuia jua kukiwa na joto na wakati huohuo kukisaidia kioo kutupa joto lake nje, kisha baridi ikija unalishikilia. Ni hatua kubwa. Utando wa kawaida wa vanadi, ukishakuwa metali, hulishikilia joto wakati uleule unapotakiwa kulitupa.

*Mwanga.* Kwa vanadi, mwanga unaobaki mara nyingi ni kama asilimia 40 hadi 50, na una umanjano wa kahawia. Kwenye ukuta mweupe utauona. Aina ya plastiki ni angavu asubuhi na ina giza mchana.

*Mwamuzi.* Ni joto la kioo chenyewe. Narudia: la kioo, si la chumba. Siku ya baridi yenye jua kali, kioo kinaweza kupata moto na kujifunga wakati wewe bado unalitaka jua. Huna wa kumlalamikia.

*Uimara.* Dioksidi ya vanadi ikipigwa na hewa na unyevu kwa muda hugeuka oksidi nyingine isiyo na tabia hii. Lazima ifunikwe kwa tabaka la ulinzi au ifungiwe ndani ya kioo pacha, yaani vioo viwili vilivyozibwa pamoja vikiachiana nafasi katikati. Kukatika kwa umeme hakukihusu kioo hiki hata kidogo, na hiyo ni sifa kubwa.

*Gharama na fundi.* Kioo cha plastiki ya katikati ni ghali kuliko kioo cha fedha (chenye utando wa madini ya fedha, nitakieleza mbele) na kwa kawaida ni nafuu kuliko cha umeme ukihesabu waya na vidhibiti. Kinaagizwa kikiwa kimeshakatwa kwa vipimo vyako. Cha vanadi kimekaa zaidi kwenye maabara na miradi ya majaribio kuliko madukani.

Kinamfaa mwenye misimu miwili inayopingana. Hapa ndipo mazungumzo yetu na dada yalipogawanyika. Kioo kinachobadilika kina thamani kikipata sababu ya kubadilika. Kwake, kitafunguka Januari na kufunga Julai. Kwangu, kioo cha ukuta wa magharibi kinachochomwa na jua la Dar kitavuka kizingiti cha nyuzi 30 hivi mwezi wowote wa mwaka, kwa hiyo kila jua likipiga kitakuwa kimefunga. Nitakuwa nimelipia milango miwili na kutumia mmoja.

Kioo kinachobadilika kwa umeme

Hiki hutumia zaidi oksidi ya tangsteni. Volti chache, chini ya 5, husukuma ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ndani ya utando nao unageuka bluu iliyoiva. Ukigeuza umeme, ioni zinatoka na kioo kinang'aa tena. Waliosafiri na Boeing 787 wamekutana na binamu yake: dirisha lisilo na pazia, linalotiwa giza kwa kitufe.

*Joto.* Kinabadilika kwa upana kuliko vyote. Vioo vya majengo kama vya chapa ya SageGlass huanzia mwanga wa asilimia 60 hivi hadi asilimia 1, na joto la jua linashuka pamoja nao.

*Mwanga.* Kwa mng'ao wa jua kwenye skrini ya kompyuta sijaona kinachokishinda. Ila giza lake lina ubluu, na wasanifu wengi huacha kioo kimoja bila giza ili rangi za chumba zisipotoke.

*Mwamuzi.* Ni wewe, au kompyuta ya jengo. Kinaweza kuwekwa wazi siku ya baridi yenye jua, jambo ambalo kioo cha joto hakiwezi kukuahidi. Kioo kikubwa huchukua dakika kadhaa, wakati mwingine hata 20, kufika mwisho.

*Uimara.* Umeme kinaotumia ni mdogo sana, na kazi yake kubwa ni wakati wa kubadilika. Lakini kila dirisha lina waya, na waya hizo zinategemea vidhibiti. Kwenye nchi za mgao wa umeme, muulize muuzaji kioo kinabaki katika hali gani umeme ukikatika, na nani atakuja kidhibiti kikifa mwaka wa nane.

*Gharama na fundi.* Ni ghali kuliko vyote hapa, na kinahitaji fundi umeme na fundi vioo wanaoelewana tangu jengo liko kwenye michoro. Kinazifaa ofisi kubwa, hospitali, viwanja vya ndege. Kwa nyumba ya kawaida sioni kikilipa, labda kwa dirisha moja la pekee.

Kioo chenye utando wa fedha, kisichobadilika

Watu hawakisifii kwa sababu hakifanyi chochote cha kuonekana. Tabaka moja, mbili au tatu za fedha, kila moja nanomita 10 hadi 15 hivi, zimelazwa katikati ya tabaka nyingine angavu. Fedha inaakisi infraredi na kuruhusu mwanga.

*Joto.* Kioo pacha kizuri cha aina hii hushuka chini ya 0.3. Dirisha langu la wati 960 lingebaki na wati 324 kwa kipimo cha 0.27. Angalia tofauti hiyo, kisha kumbuka zile pointi 10 za vanadi.

*Mwanga.* Zaidi ya asilimia 60 inaweza kubaki, na rangi yake ni tulivu.

*Mwamuzi.* Hayupo. Januari na Julai ni mamoja kwake. Na hapa kuna mtego unaowanasa wanaoagiza vioo kutoka nje: kuna kioo cha fedha kilichotengenezwa kwa nchi za baridi, ambacho kinaliachia jua liingie na kulizuia joto la chumba lisitoke. Jina la jumla ni lilelile. Ukikileta Tanga umejijengea kibanda cha kukaushia samaki. Soma SHGC au g kabla ya kutoa hela.

*Uimara.* Fedha huliwa na unyevu, kwa hiyo lazima ikae ndani ya kioo pacha kilichozibwa. Kizibo kikifa, ukungu unaingia katikati na hakuna kitambaa kitakachoufuta. Kwa kioo kimoja kimoja upo utando mgumu, unaochomewa kiwandani kioo kikiwa bado cha moto. Huu unavumilia hewa ya bahari, ingawa kwa kawaida hauwezi kuzuia joto na kuacha mwanga upite vizuri kama fedha.

*Gharama na fundi.* Bei ni ya kati. Shida ni fremu: fremu nyingi za slaidi tunazofunga Afrika Mashariki ni za kioo kimoja cha milimita 5 au 6, na kioo pacha hakiingii humo. Kama bado unajenga, amua kabla fundi hajakata aluminiamu. Kinamfaa anayeishi penye joto mwaka mzima na kutumia kiyoyozi kwa saa nyingi.

Filamu ya kubandika

Ni plastiki ya poliesta yenye gundi, ile ambayo sote tunaiita tinti.

*Joto.* Inategemea aina. Za rangi hufyonza joto, za metali huakisi, na za kauri huzuia infraredi zaidi kuliko mwanga. Filamu za kuakisi zenye giza hushusha joto sana. Zile zinazobaki angavu hukaa karibu 0.5.

*Mwanga.* Filamu za rangi za bei ya chini hupauka na kugeuka zambarau. Filamu nyingi nzuri huzuia karibu urujuanimno wote, na makochi yako yatashukuru.

*Mwamuzi.* Hayupo hapa pia. Ukiambiwa filamu fulani inabadilika kwa joto, omba SHGC mbili, ya hali ya baridi na ya hali ya moto. Akikupa moja, ichukulie kama filamu ya kawaida.

*Uimara.* Hapa nina kidonda changu. Nilibandikiwa filamu nyeusi ya kufyonza kwenye kioo kipana ambacho nusu yake ilikuwa kivulini mwa upenu. Nusu ya juani ikapata moto, nusu ya kivulini ikabaki baridi, na kabla mwezi haujaisha kioo kilipasuka kuanzia ukingoni. Hakuna aliyekirushia jiwe. Kwenye vioo vikubwa visivyo vya temperedi (vilivyokazwa kwa moto kiwandani), chagua filamu ya kuakisi au ya kauri, na mwonyeshe fundi kivuli kinapoangukia.

*Gharama na fundi.* Ndiyo nafuu kuliko zote, kazi ya siku moja, na mpangaji anaweza kuiweka mwenye nyumba akiridhia. Usihukumu viputo vidogo vya maji wiki ya kwanza. Vinahitaji kama mwezi kukauka.

Basi uchague vipi

Anza na upande wa ukuta. Karibu na ikweta jua la mchana liko juu sana, hivyo dirisha la kaskazini au kusini huokolewa na upenu wa kawaida. Mashariki na magharibi jua huja chini, linapita chini ya upenu na kufika mpaka kwenye zulia. Kama pesa ni za madirisha mawili tu, yawe ya huko. Na kivuli cha nje, iwe luva za wima, chiki (pazia la vijiti) au mti, hulisimamisha joto kabla halijagusa kioo, kazi ambayo hakuna utando wowote kati ya hizi unaoiweza kikamilifu.

Uko Dar, Mombasa, Zanzibar au Muscat, unajenga, na kiyoyozi kitafanya kazi: kioo cha fedha chenye kipimo cha chini, au cha utando mgumu kama fremu ni ya kioo kimoja. Baridi ya Muscat ya Desemba haitoshi kukufanya ulitamani jua liingie.

Umepanga, au nyumba ilishakwisha: filamu ya kauri au ya kuakisi kwenye madirisha ya magharibi tu, halafu chiki nje. Ndivyo nilivyofanya mwenyewe baada ya kile kioo kupasuka.

Una ofisi yenye kuta za vioo na watu wanaokaa mbele ya skrini: kioo cha umeme kina haki ya kuwekwa kwenye hesabu, mradi jengo lina umeme wa uhakika na mkataba wa matengenezo.

Uko Minneapolis, Toronto, Stockholm au Berlin, na unabadilisha madirisha: hapo kioo cha joto kinastahili kuombewa bei. Kilinganishe na kioo cha fedha cha nchi za baridi kikiwa na pazia la nje la kiangazi. Dada yangu sasa anavilinganisha hivyo viwili, na amemwambia muuzaji wake asimpigie simu mpaka awe na SHGC zote mbili pamoja na joto ambalo kioo kinaanza kugeuka.

Uko Njombe, Iringa, Kabale au Nairobi, ambako asubuhi unatafuta koti na mchana unatafuta kivuli: kimaumbile, hali hiyo ya kila siku inakifaa kioo cha joto kuliko hali yangu. Lakini nyumba nyingi za huko hazina kiyoyozi wala hita, kwa hiyo hakuna bili ya kuirudisha hela yako. Kioo cheupe upande wa mashariki, upenu mzuri, na pazia zito la usiku vitakupa sehemu kubwa ya unachotafuta.

Na kama huna kiyoyozi, unaishi kwa upepo, madirisha yakiwa wazi tangu alfajiri na pangaboi likizunguka: jua linapita pale palipo wazi, na kioo cha slaidi kilichosukumwa pembeni hakizuii kitu hata kingekuwa cha bei gani. Pesa hiyo ipeleke kwenye upenu mrefu zaidi, luva za mbao upande wa magharibi, wavu wa mbu unaopitisha hewa vizuri, na dirisha la pili upande wa pili ili upepo upate pa kutokea.